Ngwe ya Wiki: Je, Ahadi ya Mtu kwa Nafsi Yake ni Deni?

Waswahili tunasema ahadi ni deni, na hatujapata kumsikia mtu akiupinga msemo huu. Tunawafundisha watoto wetu hapa ugenini, hata wale ambao Kiswahili chao kimebaki cha kuitikia salamu na kuomba chakula. Lakini ziko ahadi za namna moja ambazo kila mmoja wetu huzivunja kila wiki na hakuna anayemdai: zile ambazo mtu huiahidi nafsi yake. Wiki hii nitampigia simu shangazi. Wiki hii nitatembea kwa miguu mpaka kazini. Wiki hii nitaimaliza ile kofia. Wiki hupita, shangazi hakupigiwa, kofia imelala palepale, na jua huchomoza Jumatatu kama kwamba hakuna kilichosemwa. Je, hapo pana deni? Na kama lipo, mdai ni nani na mdaiwa ni nani?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Limetutokea kwenye sindano na uzi, na wasomaji wetu watatuwia radhi tukianzia huko.

Sisi ni wanawake saba tunaokutana kila Jumamosi mchana, sebuleni kwa mmoja wetu, katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Wawili ni wa Unguja, mmoja wa Pemba, mmoja wa Lamu, wawili wa Tanga, na mmoja amezaliwa Maskati kwa wazazi waliotoka Unguja baada ya mwaka 1964. Tunashona. Wako wenye kofia za mkono, zile za viua, ambazo nyumbani ni kofia tu na Oman ni kumma, na wanaume wengi wa kule huivaa. Wako wanaofuma vitambaa vya meza. Na wako walioingia katika ufundi ambao huku una wapenzi wengi, wa kuunga viraka vya nguo, kuweka pamba katikati na kitambaa chini, kisha kushona tabaka zote tatu pamoja mpaka ukatoka mfarishi wa kujifunika wakati wa baridi. Bibi zetu mfarishi waliujua. Ila sisi tumekuja kuujua thamani yake hasa mwezi wa Januari.

Kila mwenye kushona ana mfuko. Hapana shaka hata wewe msomaji unao, au mama yako anao, chini ya kitanda au juu ya kabati. Ndani yake mna kazi zilizoanzwa. Mmoja wetu alitoa mfukoni kofia aliyoianza siku za arubaini ya mwanawe wa kwanza, akikusudia mtoto aje kuivaa akikua. Kijana huyo sasa ananyoa ndevu. Kofia ilikuwa na mstari mmoja na nusu wa viua, na sindano bado imechomwa palepale ilipoachwa, imeshika kutu. Tulicheka sana siku ile, na kila aliyecheka aliufikiria mfuko wake.

Ndipo Bi Mkubwa wetu, ambaye ni mkubwa kwetu kwa umri na kwa maneno, alipoleta neno ngwe. Alitukumbusha kwamba shamba hupimwa kwa kamba, na kila mtu akaonyeshwa sehemu yake ya kulima, kutoka hapa mpaka pale. Hiyo ndiyo ngwe yake. Anayelima haangalii shamba zima, kwani akiliangalia atakaa chini, huangalia ngwe. "Nyinyi," alisema, "kila mkifungua mfuko mnatazama shamba zima. Ndiyo maana mnaufunga."

Basi tukapanga kila mmoja awe na ngwe ya wiki. Tulinunua daftari. Upande wa kushoto tuliandika kila Jumamosi kile ambacho kila mmoja amekusudia: mistari miwili ya viua, vipande kumi na viwili vya kuunga, duara moja la kitambaa cha meza. Upande wa kulia, Jumamosi iliyofuata, tuliandika kilichotendeka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tuliona kwamba hata wakati ni mali.

Nao mpango ule ulifanya kazi, tusiufiche ukweli. Kofia ya mkono ina mamia ya vitundu, na kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi peke yake. Mtu anayefanya kazi za mchana na kulea hawezi kuimaliza kwa hamu ya siku moja. Lakini viua kumi leo na kumi kesho huwa mstari, na mistari huwa kofia. Mwaka wa kwanza zilimalizika kofia tatu, ikiwamo ile ya sindano yenye kutu, na vitambaa tusivyovihesabu. Haba na haba hujaza kibaba, na daftari ndilo lililotuonyesha kibaba kikijaa.

Mwaka wa pili likatokea jambo.

Mwenzetu mmoja, mdogo kwetu kwa umri, anafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, mara nyingi usiku. Mama yake alifariki Tanga wakati makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado hayajatoka, na aliyetoka nchini hakuwa na hakika ya kurudi. Hakwenda mazikoni. Alisikiliza kisomo kwa simu, amekaa kwenye ngazi za jengo analoishi ili asiwaamshe watoto. Baada ya miezi kadhaa jamaa mmoja aliyekuja Uingereza alimletea mfuko wa kanga za marehemu, doti sita, nyingine zimefuliwa mpaka rangi zimepoa. Alitueleza kwamba angependa kuzitengeneza mfarishi, ili na watoto wake, ambao bibi yao hawakumjua ila kwa sauti, wapate kujifunika naye. Sote tuliliona ni wazo jema. Tukamwandikia ngwe ya kwanza: kukata vipande kumi na viwili.

Jumamosi iliyofuata alisema hakupata nafasi. Tukaandika: hakuna. Jumamosi ya pili alisema watoto waliumwa. Hakuna. Jumamosi ya tatu tulimwuliza, na akajibu, "Nimekata." Tukaandika kumi na viwili, na mmoja wetu akapiga kigelegele. Jumamosi ya nne hakuja, wala ya tano, wala ya sita.

Bi Mkubwa alikwenda kwake na mwenzetu wa Lamu. Walimkuta na doti zote sita zimekunjwa vilevile zilivyokuja. Mkasi ulikuwa juu yake. Hakuwa amekata hata kimoja. Kila usiku aliporudi kazini alizifungua, akazitandaza, akaushika mkasi, kisha akazikunja tena. "Niliona haya," alisema. "Nyinyi mna mistari na mistari, mimi mna hakuna na hakuna. Kisha nikasema uongo, basi nikaona haya zaidi."

Turudi sasa kwenye swali letu. Mwenzetu alikuwa anadaiwa nini, na nani?

Wa kwanza kujibu alikuwa yule aliyezaliwa Maskati, naye jibu lake lilikuwa jepesi: hakudaiwa chochote. Deni, alisema, lazima liwe na watu wawili. Mdai ana haki ya kusamehe. Sasa mtu akijiahidi mwenyewe, yeye ndiye mdai na yeye ndiye mdaiwa. Akichoka, hujisamehe, na deni limekwisha hapo hapo. Deni ambalo mdaiwa anaweza kulifuta wakati wowote apendao si deni, ni mchezo wa maneno. Kwa hiyo tulifanya makosa kuliandika daftarini kama deni, na mwenzetu akatendewa kama aliyekopa asilipe.

Jibu hili lina nguvu, na wengi wetu tulitaka kulikubali kwa sababu lilitutoa lawamani. Lakini Jumamosi moja baadaye mwenzetu wa Pemba alilitia tundu. Alisema: ni kweli mimi ni mmoja, lakini mimi wa Jumamosi si sawa na mimi wa Jumatano. Jumamosi nimekaa, nina chai na kaimati, mbele yangu pana wenzangu sita na mikono yangu haijachoka. Mimi huyu ni mkarimu sana, naahidi mistari minne. Jumatano saa nne usiku narudi kazini, miguu imevimba, na mtu wa kushona ile mistari minne ni yeye, si yule aliyekaa na chai. Mmoja hutoa ahadi na mwingine hulipa.

Tulipolitazama hivyo, mambo mawili yakatudhihirikia.

La kwanza ni kwamba ahadi ya nafsi inaweza kuwa dhuluma. Neno ngwe lenyewe lina upande wake wa giza. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, kabla utumwa haujaondolewa kisheria mwaka 1897, waliolima hawakujipimia. Kazi ilipimwa na wengine, msimamizi na nokoa, na aliyepima hakuwa yeye atakayeinama. Sisi tulifurahi kwamba ngwe zetu tunajipimia wenyewe, na tukadhani basi hapana tena nokoa. Kumbe nokoa yupo. Ni yule mimi wa Jumamosi, anayemkatia kamba ndefu mimi wa Jumatano bila kumwuliza. Mtu anayejitwika kila wiki mzigo asioweza kuubeba tunamsifu kwa hamu yake, lakini kama angemtwika mfanyakazi wake vivyo hivyo tungemwita mkatili.

La pili ni kwamba msamaha hauwi mwepesi kama ulivyodhaniwa. Ikiwa mimi wa Jumatano ndiye mdaiwa, basi hana haki ya kujisamehe peke yake saa nne ya usiku, kwa sababu mdai wake hayupo pale. Aliyeahidi alikuwa na sababu zake: alimfikiria mtoto atakayevaa kofia, alijijua kwamba bila kamba hatalima. Mchovu wa usiku hazikumbuki sababu hizo; anachokiona ni kitanda. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo, lakini yeye husema kesho kila siku. Mahali pa kusamehe ni pale pale ahadi ilipotolewa, siku ya Jumamosi, mtu akiwa ametulia na ana macho ya kuona pande zote mbili. Hapo anaweza kusema, "Nilijipimia kubwa, napunguza," au, "Kazi hii siitaki tena, nampa mwingine," na hakuna aibu yoyote, kwa sababu mdai na mdaiwa wamekaa pamoja wakapatana.

Hivyo basi tuliona kwamba ahadi ya mtu kwa nafsi yake ni deni, ila ni deni la namna yake. Linafungua mlango wa msamaha mara moja kwa wiki, na aliyeliweka anapaswa kumhurumia atakayelilipa.

Hata hivyo bado hatukuwa tumemfikia mwenzetu wa kanga. Yeye hakuwa mvivu wala hakujipimia kubwa. Vipande kumi na viwili ni kazi ya nusu saa kwa mwenye mkasi mzuri. Daftari letu lilikuwa na maneno mawili tu, kiasi na hakuna, na neno hakuna lilikusanya humo aliyelala, aliyeumwa, aliyesahau, na aliyeshindwa kuutia mkasi katika nguo ya mama yake.

Tukamsimulia habari za Gee's Bend. Hiki ni kijiji kilichopo kwenye kona ya mto Alabama, huko Marekani, na watu wake wengi ni wajukuu wa waliofanywa watumwa katika shamba la pamba la pale. Wanawake wa kijiji hicho wamekuwa wakishona mifarishi kwa nguo zilizochakaa, vizazi na vizazi, kwa ajili ya baridi. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitolea stempu. Miongoni mwake umo mmoja ulioshonwa mwaka 1942 na Missouri Pettway. Mumewe alikuwa amefariki, naye akazichukua nguo zake za kazini, suruali na mashati ya shambani, akazikata yeye na binti yake, akaziunga mfarishi wa kumkumbuka na kujifunika. Katika picha unaona mahali magoti yalipochakaa na mahali mfuko ulipobanduliwa, kitambaa chake kimebaki na rangi nzito.

Tulidhani habari hii itampa moyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yule alikuwapo mumewe alipokufa. Alimzika. Mimi kanga hizi ndizo mazishi yangu. Nikishazikata, nimemzika."

Hatukuwa na la kumjibu, na mpaka leo hatuna. Lakini tulielewa kwamba ngwe tuliyomwandikia haikuwa kukata vipande kumi na viwili. Tulimwandikia amzike mama yake, na tukampa siku saba.

Tangu hapo tumebadilisha mambo mawili katika daftari. Kwanza, hatuandiki tena idadi ila kwa anayetaka mwenyewe. Tunaandika kukaa: wiki hii nitakaa na sindano mara tatu, nusu saa nusu saa. Idadi ya viua haiko mikononi mwetu kikamilifu. Uzi hukatika, mtoto hulia, macho huchoka. Kukaa kuko mikononi mwetu zaidi. Anayekaa nusu saa na asishone hata kiua kimoja, kwa kuwa alikuwa akiufungua uzi uliofungana, ametimiza ngwe yake. Pili, upande wa kulia hatuandiki neno hakuna. Kama hakikufanyika kitu tunaacha nafasi tupu, na mwenyewe akitaka kusema sababu atasema. Hili ni dogo, lakini nafasi tupu haimhukumu mtu.

Wapo kati yetu wasioridhika. Mwenzetu mmoja wa Tanga husema tumelegeza kamba, na kwamba daftari lisilo na idadi litaturudisha kwenye mifuko ya chini ya vitanda. Huenda ana haki. Mwaka huu imemalizika kofia moja tu. Mwingine naye husema hata kukaa kusiandikwe. Kazini, asema, muda wetu wote unahesabiwa kwa dakika, tumefika kwa mzee saa ngapi na tumetoka saa ngapi, na sindano ilikuwa mahali pekee pasipo na saa. Tumemjibu kwamba kupima kazi hatukufundishwa na Wazungu. Bibi zetu waliposuka ukili waliupima kwa pima, mkono mpaka mkono, na waliijua idadi ya pima zinazotosha mkeka mmoja. Lakini yeye hutujibu kwamba bibi zetu walipima ukili, hawakumpima msukaji. Neno hilo tumelikubali, na tumeliandika kwenye jalada la daftari kwa ndani.

Ama mwenzetu wa kanga, amerudi. Hakuna aliyemtaja uongo wake, mpaka yeye mwenyewe alipolichukua daftari akaikata ile kumi na mbili kwa kalamu, akaturudishia. Tuliona kwamba hilo ndilo deni la kweli alilokuwa nalo, kwa sababu uongo alitwambia sisi, na sisi tulikuwa na haki ya kusamehe. Tulikwisha kusamehe kabla hajauliza. Nasi tulikuwa na deni letu kwake, la kupiga vigelegele kwa jambo tusilolielewa. Hilo naye alitusamehe, akicheka.

Kwa wiki nyingi ngwe yake ilikuwa moja: kuzileta kanga, kuzitandaza mbele yetu, kutusimulia siku ambayo mama alivaa hii na siku aliyovaa ile, kisha kuzikunja. Tuliandika: amekaa. Mwezi wa tatu alimwomba Bi Mkubwa amshikie kanga upande mmoja, akakata. Alikata pindo peke yake. Mji na jina la kila kanga ameviacha vizima, na hizo pindo ndizo anazoziunga kuzizunguka kanga zile, kama ua lizungukavyo nyumba. Mpango huo haumo katika kitabu chochote cha ushoni tulichonacho, na utahitaji pamba nyingi na bandi ndefu sana kuzishika tabaka zake.

Mfarishi bado haujaisha. Kwa mwendo anaokwenda, hautaisha kabla ya baridi ijayo, na pengine wala baridi itakayofuata. Jumamosi iliyopita alipofunga mfuko wake tulimwuliza ngwe yake ya wiki hii. Aliitazama kazi yake, akavua subana kidoleni, akasema atapiga bandi mstari mmoja, kutoka jina la kanga ya kwanza mpaka jina la kanga ya pili.

Tukaandika.